Vitabu vya kuazima Mwanjelwa, na ile sheria yao ya kurudisha hata hujamaliza

Wazazi wa Mbeya mnaoniuliza naazimia wapi watoto vitabu, naandika hapa mara moja ili nipumzike maana voisi noti zimezidi. Ni kabanda tu, huku Mwanjelwa, ukiacha wauza mchele ukapita mitumba ya viatu unakutana na mafundi cherehani wamejipanga, katikati yao kuna mlango wa bluu na kibao kimeandikwa kwa chaki VITABU 500. Hamna bango la maana, ukipotea muulize bodaboda yeyote "kwa anti wa vitabu", wanamjua, nadhani nao wanaazima zile hadithi za upelelezi maana nimewakuta humo zaidi ya mara moja wamekaa na helmeti mapajani wanasoma kimya kama wako kwenye mtihani.

Bei kwanza ndo mnayotaka. Kiingilio elfu tano unalipa mara moja tu, mtoto anaandikwa kwenye kaunta buku, afu kila kitabu ni mia tano kwa wiki. Ukichelewesha kuna faini ila kwa watoto sijaona akitoza, anakunja sura tu. Ukikipoteza unalipa bei ya kitabu, na hapo hana utani, kuna baba nilimkuta analalamika kwamba mbuzi ndo kala jalada na dada mwenye vitabu (huyo huyo anti) akamjibu basi mlipe pamoja na mbuzi wako.

Vitabu vyenyewe, mi nlitegemea Kiswahili kitakuwa kingi kuliko nlivyokuta. Vya Kingereza vinakuja kwenye marobota ya mitumba, vimejaa, vingine havina ukurasa wa mwisho (ameandika kwa penseli kwenye jalada "mwisho hakuna", angalau mkweli). Vya Kiswahili ni vile vya zamani, vitabu vya fasihi vya sekondari kopi nyingi nyingi, na hadithi fupi fupi za watoto zilizochoka. Mtoto wa darasa la nne mpaka la saba atapata cha kusoma, mdogo zaidi ya hapo mpelekeni maktaba ya mkoa, kule hamna kodi ya wiki.

Sasa kilichonifanya niandike ni ile sheria yao. Mtoto akichukua kitabu akafika mahali hakipendi, kimemshtua, kimemtia kinyaa, kimemkumbusha mambo, anarudisha siku yoyote ndani ya wiki na anapewa kingine bila kuongeza hela. Na haulizwi kwa nini. Dada anauliza swali moja tu, "umeishia wapi?", mtoto anataja ukurasa, anaandika kwenye kaunta buku, kitabu kinaenda kwenye rafu ya chini kabisa wanayoiita ya viporo, basi. Kinakaa hapo wiki kadhaa, mwenyewe akitaka kukirudia anakikuta na kikaratasi bado kiko palepale alipoachia, asipotaka kinarudi kwa wenzake.

Ukutani amebandika karatasi ya manila kaandika kwa maka peni haki kumi za msomaji, nikadhani katunga yeye, kumbe ni za Daniel Pennac, mwalimu na mwandishi wa Ufaransa, aliziweka kwenye kitabu chake cha 1992. Ya kwanza haki ya kutosoma, ya pili kuruka kurasa, ya tatu haki ya kutomaliza kitabu, zinaendelea mpaka ya kumi ambayo ni haki ya kunyamaza, yaani umesoma na hakuna mtu wa kukulazimisha useme umeonaje. Dada kaipigia mstari hiyo ya kumi na ndo maana haulizi kwa nini, nlimuuliza akasema watoto wa huku ukimuuliza kwa nini anajua ana kesi, atakudanganya, atasema kitabu kirefu, lakini ukimuuliza umeishia wapi anakwambia ukweli kwa sababu hiyo ni namba tu.

Aisee hiyo namba ina kazi. Kuna riwaya moja, siitaji, inahusu watoto wanaopotea kijijini na mganga, imeandikwa vizuri tu, jalada linavutia mno na ndo tatizo lenyewe. Ilikuwa inatoka kila wiki na inarudi kila wiki. Dada kapitia kaunta buku akaona wanaoirudisha karibu wote wameishia ukurasa wa 63 au 64, wengine hata hawajuani, shule tofauti kabisa. Akaenda kuusoma huo ukurasa mwenyewe usiku. Siwaelezi kuna nini, ila ni mtoto, na ni kisu, na mwandishi kaamua kutuonyesha kila kitu. Kesho yake kitabu kikapanda juu kwenye rafu ya wakubwa. Hakukichana wala hakukificha, kimepanda tu, na ukitaka unapewa ila anakwambia "ukifika 63 uwe umekaa na mtu".

Na mnajua huku kwetu hadithi kama hiyo haisomwi kama inavyosomwa Dar. Sisi tuliokulia Mbeya tumelelewa na stori za wachuna ngozi, jua likizama umo ndani bila kuitwa mara mbili. Afu mwanzoni mwa 2019 Njombe, mkoa jirani, watoto wakawa wanapotea na kukutwa wameuawa, ikasemwa ni ushirikina, wazazi wakawa hawaachi watoto waende popote peke yao. Waliokuwa chekechea kipindi kile saizi ndo hawa wanaoazima vitabu. Kuna binti mmoja hapo kwetu familia yao ilihamia kutoka huko, kasoma hicho kitabu akafika sehemu mtoto anatumwa dukani na harudi, akakifunga, akakipeleka mwenyewe Mwanjelwa kwa mguu hakusubiri hata bajaji. Mama yake anasema kilichomshangaza ni kwamba jioni ile ile alikuwa ameshaanza kingine, cha mambo ya mpira. Yule mtoto zamani alikuwa akikwama anaacha kusoma kabisa mpaka muhula unaisha.

Hapo ndo nlipoanza kuielewa hii biashara. Mi nlikuwa naona mtoto akianza kitabu amalize, tumelelewa hivyo, chakula unamaliza kitabu unamaliza. Lakini angalieni wanangu wawili nyumbani, maana kila mmoja ana namna yake.

Binti ni wa marehemu kaka yangu, yuko fomu tuu, nakaa naye. Alichukua kitabu kizuri tu cha familia, hamna damu hamna nini, katikati baba wa mule ndani anaumwa na wanampeleka hospitali usiku kwenye mvua. Akakirudisha. Hakuniambia, nimeona kitabu kingine kitandani nikauliza kile cha juzi kiko wapi, akasema "shangazi kile nimekiacha kwanza". Hilo neno kwanza nikaliacha lipite. Kikakaa kwenye viporo, dada akakishikilia kupita muda wake bila kusema kitu, na likizo ya mwezi wa sita, baridi lile la kukaa jikoni na sweta mbili, nikamkuta anakisoma karibu na jiko la mkaa. Alikichukua tena mwenyewe. Sijamuuliza kaishia wapi safari hii.

Sasa kijana wangu wa darasa la sita ni habari nyingine kabisa. Huyu kaijua sheria akaigeuza mchezo, anachukua leo anarudisha kesho, kila kitabu kaishia ukurasa wa 4, wa 7, wa 5. Anasema "mama kimeniogopesha". Kitabu cha sungura. Nikaenda kulalamika, nikasema dada unaniharibia mtoto, na mtu mwingine angenijibu kwa hasira ila yeye alifungua kaunta buku akanionyesha namba. Akasema mtoto aliyeshtuka anaishia katikati, mahali penye kitu, huyu wako hajashtuka huyu hajaanza. Akambadilishia utaratibu, kwamba yeye asichague kwa jalada, asome kwanza kurasa kumi akiwa amekaa palepale kwenye benchi ndo aazime. Kijana kakasirika kweli kweli. Ila vitabu vinavyokuja nyumbani sasa hivi vinakaa wiki nzima.

Kwaiyo wale wanaosema sheria hii inalea watoto wa mayai, nawaelewa kidogo lakini hawajaiona inavyoendeshwa. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu anayekuja hapo kila Jumamosi kusoma gazeti la bure, mzee anaheshimika, watoto wote wanampa shikamoo kwa foleni. Hoja yake anasema fasihi kazi yake ni kukuumiza kidogo, ukiondoka kila ukiumizwa utajifunza nini. Na akaongeza kwamba kama watoto wanaamua wenyewe wafunge vitabu, kesho watu wazima nao watapata sababu ya kuvifunga vyote. Hapa ndo mi na mwalimu tulibishana mpaka chai ikapoa.

Maana hivyo ni vitu viwili na mi naona vinachanganywa sana. Februari 2023 waziri wa elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 marufuku mashuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi, humo ndani ile mitabu ya katuni ya Diary of a Wimpy Kid nayo imo, na mtoto wangu mkubwa wa kiume alikuwa anaipenda ile kupita maelezo. Sibishani na waziri hapa, kila mtu ana lake. Nasema tu tofauti yake na rafu ya viporo. Pale aliyefunga kitabu hakuwa msomaji. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikazuiwa mashuleni, baadae ikaja kuwa kitabu kinachosomwa na kufundishwa mashuleni humo humo, na miaka yote hiyo katikati kuna wasichana wangekisoma kwa sababu kinawahusu na hawakukipata kwa njia ya halali. Binti akifunga kitabu chake yeye Mwanjelwa, mwenzie bado anakichukua jioni hiyo hiyo. Anachojizuia ni yeye mwenyewe na ni kwa muda anaoujua yeye. Mwalimu akasema hapo sawa, ila akaongeza "lakini atarudi?". Wengine wanarudi wengine hawarudi, kaunta buku ipo inaonyesha, na mwalimu mwenyewe alikiri (kwa kujikunyata) kuna kitabu kimoja cha vita alikiacha akiwa chuo na mpaka leo hajakigusa.

Mahali sheria inapogonga mwamba ni vitabu vya shule. Fasihi ya mtihani wa taifa, wa necta, huwezi kuiweka kiporo. Wanafunzi wa sekondari wanakuja pale na Takadini, ile ya Ben Hanson, mama anazaa mtoto albino kijiji kinataka auawe anakimbia naye, na kwa nchi yetu na yaliyowapata watu wenye ualbino hicho ni kitabu kigumu sana kwa mtoto anayekaa dawati moja na mwenzie mwenye ualbino. Lakini ni kitabu ambacho mi ningeumia sana kama binti angekiacha. Binti alitaka kukiacha. Dada hapo hakuleta habari za haki za Mfaransa, alimwambia hiki ni cha mtihani huna ujanja, njoo Jumamosi. Jumamosi saa nne kuna watoto wanakaa kwenye mkeka wanasoma kwa zamu kwa sauti, sura moja tu, wakifika pabaya wanasimama wanakunywa chai, anayetaka kutoka nje anatoka. Hamna ada ya hiyo, unaleta kikombe chako. Binti kaniambia kusoma vile vibaya vikiwa vinatoka mdomoni kwa mtu mwingine ni nafuu. Na alipofika kwenye maswali ya mwalimu wa shuleni akawa na la kusema, si kukariri dhamira na wahusika tu kama tulivyofanya sisi.

Haya, mabaya sasa, maana isionekane nimelipwa.

La kwanza na kubwa ni hiyo hiyo kaunta buku. Inakaa mezani wazi. Jina la mtoto, jina la kitabu, ukurasa alioishia, yote yanasomeka, na watoto si malaika, nimesikia kwa masikio yangu wanafunzi wawili wanamzomea mwenzao "sitini na tatu! sitini na tatu!" na aliyezomewa alikuwa mkubwa kuliko wao. Unampa mtoto haki ya kunyamaza ukutani afu mezani unamtangaza. Nimemwambia dada atumie namba badala ya majina au basi aifunge ile kitu kwenye droo, akasema sawa sawa ndaga (asante kwa Kinyakyusa), wiki mbili baadae bado iko wazi. Hili alirekebishe kwakweli, si jambo la kusubiri.

La pili rafu ya wakubwa iko juu, ndio, ila kuna stuli pembeni yake. Kijana wa darasa la tano na stuli mnajua kinachofuata.

Pia hatoi tahadhari yoyote mbele ya kitabu ukiacha hicho kimoja cha 63. Anasema akianza kuandika hiki kina kifo hiki kina ubakaji basi watoto watachagua kwa hizo hizo, na wengine watachagua kwa sababu ya hizo hizo, hapo nacheka lakini yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni kwamba kuna mambo mzazi angependa kujua kabla. Kwa binti yangu ningependa kujua habari ya yule baba hospitalini. Nikimuuliza ana kwa ana ananiambia, kasoma karibu vyote, kwaiyo ushauri wangu mpelekeni mtoto mara ya kwanza nyie wenyewe, mkae naye pembeni dakika tano mumweleze mtoto wenu kapitia nini, bila mtoto kusikia. Anakumbuka. Mimi nlimweleza habari za msiba wa kaka mara moja tu na tangu hapo akimpa binti kitabu chenye mambo ya msiba anasema kwa sauti ya kawaida "humu kuna mazishi sura ya saba", anaendelea na mambo yake, uamuzi unabaki kwa binti.

Mengine madogo madogo, bati halina siling'i, mvua ya Mbeya ikianza hamsikilizani na kusoma kwa sauti kunakufa hapo hapo. Benchi ni moja na watu wa magazeti wanalikalia wote. Umeme ukikatika wanawasha taa ya simu. Choo ni cha jirani, mia mbili. Msaidizi wake yule kijana wa mchana ni mpole ila hajasoma hata kimoja, ukimuuliza kitabu kinahusu nini anakisomea nyuma ya jalada, bora usubiri dada arudi toka sokoni.

Nikitoa nyota natoa nne, akiifunga ile kaunta buku naongeza ya tano siku hiyo hiyo. Wanafungua saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili ni kuanzia saa nane watu wakishatoka kanisani. Hela ya simu wanapokea ila mtandao pale chini ya bati unasumbua, beba chenji. Na kama mna vitabu vya watoto vya Kiswahili vimelala nyumbani peleka, anakukatia kiingilio kwa hivyo, mi nlipeleka vinne vya kijana mkubwa na nikasamehewa elfu tano nzima.